Arun Shourie: Kutoka Meza ya Mhariri hadi Meza ya Waziri



Novemba 1980, wasomaji wa gazeti la Indian Express nchini India waliamkia habari kutoka Bhagalpur, mji ulio kando ya mto Ganges katika jimbo la Bihar. Kwa muda wa miezi kadhaa polisi wa huko walikuwa wakiwapofusha watu wanaotuhumiwa kwa ujambazi. Walimlaza mtu chini, wakamshika mikono na miguu, wakamtoboa macho kwa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, kisha wakamimina tindikali ndani ya matundu. Tindikali hiyo waliipa jina la maji matakatifu ya Ganges. Waliofanyiwa hivyo walikuwa zaidi ya 30, na wengi wao walikuwa mahabusu ambao hakuna hakimu aliyekuwa amewatia hatiani kwa lolote.

Mwandishi aliyeifuatilia habari hiyo ni Arun Sinha, aliyekuwa akiripoti kutoka Bihar. Mhariri aliyeiweka mbele ya taifa na kuisimamia isizimwe ni Arun Shourie, ambaye ndiye ninayetaka kumzungumzia jioni hii. Jambo moja ni vizuri mlijue mapema. Habari ile ilipotoka, wakazi wengi wa Bhagalpur waliandamana kuwaunga mkono polisi. Walikuwa wamechoka na majambazi na waliona haki imetendeka. Kwa hiyo gazeti halikuwa likiwapendeza wasomaji wake. Lilikuwa likitetea macho ya watu ambao hata majirani zao hawakutaka kuwatetea.

Miaka ishirini baadaye mhariri huyo alikuwa waziri katika serikali ya India, na kazi yake ilikuwa kuuza mashirika ya umma. Ninamchagua kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo sisi wanahabari wenyewe hatujalijibu vizuri: mwandishi anapovuka kutoka upande wa wanaouliza kwenda upande wa wanaoulizwa, tumpime kwa kipimo gani? Watu wengi humpima kwa usafi wake au kwa uaminifu wake kwa chama. Mimi nina kipimo kingine: je, njia alizozitumia kuwahoji wakubwa alipokuwa mwandishi aliziacha wazi ili na yeye ahojiwe?

Kuhusu utoto na shule nitasema kidogo. Shourie alizaliwa Novemba 1941 huko Jalandhar, Punjab, mkoa uliokatwa vipande viwili mwaka 1947 India na Pakistani zilipotengana. Alisoma Chuo cha St. Stephen's mjini Delhi, kisha akapata shahada ya uzamivu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Kuanzia 1967 na kwa vipindi hadi 1978 alikuwa mchumi wa Benki ya Dunia. Baba yake, Hari Dev Shourie, alikuwa mtumishi wa serikali ambaye baada ya kustaafu alianzisha jumuiya iitwayo Common Cause, iliyokwenda mahakamani kudai haki za wastaafu na wateja wa kawaida. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ambayo jumuiya hiyo ilikuwa miongoni mwa walalamikaji, kwamba serikali haiwezi kuwabagua wastaafu wake kwa tarehe waliyostaafia tu. Mlikumbuke jina la mzee huyo. Kwenda mahakamani kwa niaba ya watu wasioweza kwenda wenyewe ilikuwa kazi ya nyumba ile, baba na mwana.

Kilichomtoa Shourie kwenye uchumi ni Hali ya Hatari. Juni 25, 1975, Waziri Mkuu Indira Gandhi aliishawishi Ikulu kutangaza hali ya hatari, baada ya mahakama ya Allahabad kubatilisha ubunge wake. Usiku huohuo umeme ulikatwa katika mtaa wa Delhi wenye ofisi nyingi za magazeti. Viongozi wa upinzani walikamatwa, na kila habari ilipaswa kupita mbele ya wakaguzi wa serikali kabla ya kuchapwa. Indian Express lilichapisha nafasi tupu mahali pa tahariri, na wasomaji wakaelewa. Shourie hakuwa mwandishi wa habari bado, lakini alianza kuandika makala ndefu kuhusu jinsi sheria zilivyokuwa zikigeuzwa silaha. Utawala ule ulidumu hadi Machi 1977, Indira Gandhi aliposhindwa katika uchaguzi. Mapema 1979 mwenye Indian Express, Ramnath Goenka, mzee mkali asiyeogopa serikali wala benki, alimchukua mchumi huyo ambaye alikuwa hajawahi kufanya kazi hata siku moja katika chumba cha habari, akamfanya mhariri mtendaji.

Hapo ndipo palipo na utajiri wa habari yetu, naomba mnivumilie nikae hapo kidogo.

Januari 1979 gazeti hilo lilichapisha makala za K. F. Rustamji, ofisa wa zamani wa polisi, kuhusu mahabusu wa Bihar. Aliwakuta watu waliokaa rumande muda mrefu kuliko kifungo cha juu kabisa ambacho wangepewa kama wangepatikana na hatia. Kulikuwa na wanawake na watoto. Mwanasheria Kapila Hingorani aliisoma habari ile, akaichukua ilivyo, akaipeleka Mahakama ya Juu. Hakuwa amefungwa, hakuwa na ndugu gerezani. Kwa desturi ya sheria waliyoirithi kutoka kwa Waingereza, ambayo ndiyo sisi Watanzania pia tuliirithi, angeulizwa: wewe unahusika vipi? Majaji wa India hawakumfukuza. Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la mmoja wa mahabusu, Hussainara Khatoon, ilithibitisha kwamba kusikilizwa kesi bila kucheleweshwa ni sehemu ya haki ya kuishi na kuwa huru, na iliwafungulia milango ya magereza mahabusu wanaokadiriwa kufika 40,000.

Kisha ikaja Bhagalpur, na Mahakama ya Juu ikaagiza waliopofushwa watibiwe kwa gharama ya serikali na kueleza kwamba mtuhumiwa maskini ana haki ya wakili tangu siku ya kwanza anapofikishwa mbele ya hakimu. Aprili 1981 mwandishi mwingine wa gazeti hilo, Ashwini Sarin, alimnunua mwanamke aitwaye Kamla kwa rupia 2,300 ili kuthibitisha kwamba binadamu wanauzwa mchana kweupe. Wapo waliouliza, na swali lao ni la haki, iwapo mwandishi anaruhusiwa kununua mtu hata kwa nia ya kufichua. Mimi nasema hapana. Mwanamke yule alitumika kama kielelezo, na hakuna ukurasa wa kwanza unaostahili gharama hiyo. Lakini hata suala hilo gazeti halikuliacha kwenye kurasa zake. Lilikwenda nalo mahakamani.

Mwisho wa mwaka 1981, katika kesi ya S. P. Gupta, Jaji P. N. Bhagwati wa Mahakama ya Juu alilitamka wazi lile lililokuwa likijengeka: raia yeyote mwenye nia njema anaweza kuja mahakamani kwa niaba ya wengine, hata kwa barua. Hivyo ndivyo kesi za maslahi ya umma zilivyopata nguvu India. Majaji walizijenga, mawakili walizipeleka, lakini kuni za moto ule zilitoka gazetini. Bila Rustamji na Sinha, Bhagwati angekosa kesi ya kuamua.

Sasa tuje kwenye habari iliyomfanya Shourie ajulikane nchi nzima. Mwaka 1980 Abdul Rahman Antulay wa chama cha Congress alikuwa Waziri Kiongozi wa jimbo la Maharashtra, ambalo makao yake ni Bombay, sasa Mumbai. Wakati huo saruji ilikuwa adimu na mgao wake ulitolewa na serikali. Mjenzi wa maghorofa asiye na kibali cha saruji hana kazi, na mwenye kibali anachuma. Antulay alianzisha mifuko ya hisani, mmojawapo ukiwa na jina la Indira Gandhi, aliyekuwa amerudi kuwa Waziri Mkuu, eti kwa ajili ya kuwasaidia wasanii na waandishi. Michango ikaanza kumiminika kutoka kwa wajenzi.

Agosti 31, 1981, Indian Express lilichapisha makala ndefu ya Shourie yenye kichwa kilicholiweka jina la Waziri Mkuu sambamba na biashara. Nawaomba mtazame namna ilivyoandikwa. Nguvu yake haikutoka kwa mnong'onezaji wa siri wala kwa maneno makali, ingawa makali hayakukosekana. Shourie alichukua orodha ya waliopewa saruji na orodha ya waliotoa hundi, akaziweka pamoja: nani alipata kiasi gani, lini, na hundi yake iliingia lini. Msomaji aliyeweza kusoma tarehe alijionea mwenyewe. Serikali ilipokana kwamba mfuko huo una uhusiano wowote na Waziri Mkuu, karatasi zenyewe zilijibu.

Januari 1982 Jaji Bakhtavar Lentin wa Mahakama Kuu ya Bombay aliamua kwamba saruji ilitolewa kwa kubadilishana na michango ile, na Antulay akajiuzulu. Haki inanidai niongeze kwamba kesi ya jinai dhidi yake ilizunguka mahakamani miaka mingi na mwisho wake haikumtia hatiani. Alirudi Bungeni na hata kuwa waziri wa serikali kuu. Mwandishi anayewahubiria ninyi kwamba makala nzuri hummaliza mkubwa mwovu anawadanganya. Makala nzuri huweka ukweli mahali ambapo hautaondoka. Yanayofuata ni kazi ya wengine.

Mwaka huohuo wa 1982 Shourie alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay kule Manila, na mwaka huohuo Goenka akamwondoa kazini. Mhariri anayeutikisa utawala huitikisa pia mitambo ya uchapaji ya tajiri wake, mikopo yake na kodi zake. Hilo ni funzo kwa kila mhariri anayedhani kiti chake ni chake.

Akaendelea kuandika bila gazeti. Februari 1983, huko Assam, maelfu ya watu wenye silaha waliingia katika vijiji vya Waislamu wenye asili ya Bengal karibu na mahali paitwapo Nellie na kuua, kwa hesabu ya serikali yenyewe, zaidi ya watu 1,800 kwa saa chache, wengi wao wanawake na watoto. Katika jarida la India Today, Shourie alichapisha ujumbe wa redio ambao ofisa mmoja wa polisi aliutuma siku tatu kabla, akiwaonya wakubwa wake kwamba watu wenye silaha wanakusanyika na kwamba wanakijiji wamejaa hofu. Onyo lilifika. Hakuna aliyekwenda. Karatasi moja ya ujumbe ilitosha kuondoa kisingizio cha serikali kwamba haikujua. Ninapowakumbusha hili ninajua kwamba miaka ya baadaye Shourie huyuhuyu aliandika vitabu ambavyo Waislamu wengi wa India waliviona kama mashambulizi dhidi ya dini yao. Yote mawili ni yake.

Goenka alimrudisha mwaka 1987, wakati wa Waziri Mkuu Rajiv Gandhi. Aprili mwaka huo redio ya Sweden ilikuwa imetangaza kwamba kampuni ya Bofors ililipa rushwa ili kuiuzia India mizinga, na Indian Express likawa miongoni mwa magazeti yaliyoishika habari hiyo bila kuiachia. Serikali ilijibu kwa upekuzi wa ofisi za gazeti hilo na lundo la kesi. Mwezi Agosti 1988 ilifika mbali zaidi: ilipitisha katika bunge la chini muswada wa kashfa ambao ungemrahisishia kiongozi kumpeleka mwandishi jela. Wahariri waliokuwa wakishindana kila asubuhi waliandamana pamoja mitaani Delhi, Goenka mwenyewe akiwa amezeeka, na mwezi uliofuata Rajiv Gandhi akauondoa muswada. Sisi tunaokumbuka mijadala ya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016 tunajua jinsi jambo kama hilo lilivyo adimu.

Mwaka 1990 aliondolewa tena. Safari hii mgogoro ulihusu ripoti ya tume ya Mandal. Waziri Mkuu V. P. Singh alikuwa ametangaza kwamba asilimia 27 ya ajira za serikali kuu zitatengwa kwa ajili ya matabaka yaliyoachwa nyuma, na Shourie aliupinga uamuzi huo kwa ukali usiokoma, ukurasa baada ya ukurasa. Hapa ndipo ninapoachana naye. Alikuwa na jicho kali la kuona karatasi za mgao wa saruji, lakini mgao wa karne nyingi, ule unaomzuia mtoto wa tabaka la chini kuingia ofisi ya umma hata awe na akili kiasi gani, hakuupa uzito uleule. Kitabu chake cha 1997 kumhusu Bhimrao Ambedkar, kiongozi wa Wadalit (watu wa chini kabisa katika mfumo wa matabaka) na mwenyekiti wa kamati iliyoandika Katiba ya India, kilijaa nukuu na kumbukumbu za mikutano, na bado kilikosa kitu cha msingi. Ambedkar alipokataa kutembea bega kwa bega na Congress dhidi ya Waingereza, alikuwa akiuliza uhuru huo utakuwa wa nani. Shourie alizisoma nyaraka zote na swali hilo hakulisikia. Nyaraka hujibu lile linaloulizwa na anayezisoma. Wadalit wengi walikasirika, na huko Pune alimwagiwa rangi usoni. Kumwagia mwandishi rangi ni kosa. Kukasirika hakukuwa kosa.

Msimamo wake huo ulimsogeza karibu na chama cha BJP, na mwaka 1998 akaingia Rajya Sabha, baraza la juu la Bunge, akiwakilisha Uttar Pradesh. Hakusimama jukwaani kuomba kura. Wengi wa wajumbe wa baraza hilo huchaguliwa na mabaraza ya majimbo. Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee, naye aliyewahi kuhariri magazeti ya harakati zao kabla ya kuwa mwanasiasa, alimpa uwaziri.

Katika wizara zake za mwanzo alikutana na jalada alilolieleza baadaye katika kitabu chake kuhusu utawala, na ambalo kila mtumishi wa umma hapa atalitambua. Aprili 1999 maofisa wawili wa Wizara ya Chuma waliandika maoni yao kwa wino mwekundu na wa kijani. Likaulizwa swali: je, inaruhusiwa? Swali likaandikiwa idara ya mageuzi ya utumishi, nayo ikaiuliza idara ya utumishi, wakaulizwa wachapaji wa serikali kama rangi hufifia, wakaulizwa wanajeshi wanafanyaje. Karibu mwaka mzima ulipita kabla ya kuamuliwa kwamba maofisa wa ngazi za juu wanaweza, mara chache, kutumia wino huo. Shourie alilichapisha jalada hilo hatua kwa hatua, kwa tarehe, vilevile alivyochapisha hundi za Antulay. Uwaziri haukumwondolea tabia ya kuanika karatasi.

Kuanzia mwaka 2000 alipewa jukumu la ubinafsishaji. Hapa wasikilizaji wangu wa Tanzania wataona jambo la karibu. Miaka ileile, Rais wetu alikuwa Benjamin Mkapa, aliyekuwa mhariri wa The Nationalist, Uhuru na Daily News kabla ya kuingia siasa, na serikali yake ilikuwa ikiuza mashirika ya umma, Benki ya Taifa ya Biashara ikiwemo mwaka 2000. Wahariri wawili, nchi mbili zilizokuwa zimejenga uchumi kwa mkono wa dola, kazi ileile. Kulinganisha maisha yao kikamilifu ni mhadhara mwingine. Ninataja tu ili msidhani ninazungumza habari za mbali.

Shourie aliuza kwa kasi. Mwaka 2001 asilimia 51 ya BALCO, kampuni ya aluminiamu, iliuzwa kwa kampuni ya Sterlite kwa rupia bilioni 5.5. Wafanyakazi wa kiwanda cha Korba waligoma zaidi ya miezi miwili, wakiungwa mkono na serikali ya jimbo la Chhattisgarh, na wakaenda Mahakama ya Juu. Mahakama iliwakatalia mwezi Desemba mwaka huo, ikisema sera ya uchumi ni kazi ya serikali na kwamba kesi za maslahi ya umma hazikuwekwa kwa ajili ya kuihukumu. Mwaka 2002 robo ya hisa za VSNL, kampuni ya simu za kimataifa, ilikwenda kwa Tata, na udhibiti wa Maruti, kampuni ya magari, ukaenda kwa Suzuki. Alidai, na nadhani kwa haki, kwamba alifanya mauzo kwa zabuni za wazi na kwamba karatasi zake zilikuwa zikisubiri mkaguzi yeyote.

Wakaguzi walikuja. Hoteli ya Centaur iliyo karibu na uwanja wa ndege wa Mumbai iliuzwa kwa rupia milioni 830, na miezi michache baadaye mnunuzi akaiuza tena kwa milioni 1,150. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alihoji bei hizo. Hoteli ya Laxmi Vilas Palace huko Udaipur ilizua uchunguzi wa miaka mingi: wapelelezi wa serikali walipendekeza jalada lifungwe, mwaka 2020 mahakama maalumu ya Jodhpur ikaagiza Shourie na wengine wafunguliwe kesi, na Mahakama Kuu ya Rajasthan ikalisimamisha agizo hilo. Shourie alikana kosa lolote, na mimi sina sababu ya kumhukumu. Ninaona tu kwamba mzee wa karibu miaka 79 alisimama mahali alipowahi kuwasimamisha wengine, na mahali hapo palikuwa bado papo.

Tukio ninalolithamini zaidi katika maisha yake ya siasa ni lile aliloshindwa. Serikali ilitaka kuuza makampuni mawili makubwa ya mafuta, Hindustan Petroleum na Bharat Petroleum. Makampuni hayo yalikuwa yametaifishwa miaka ya 1970 kwa sheria za Bunge. Kikundi cha mawakili na raia kikafungua kesi ya maslahi ya umma.  Walikuwa raia tu, kama Kapila Hingorani alivyokuwa raia tu mbele ya milango ya magereza ya Bihar. Septemba 2003 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kile ambacho Bunge limekitaifisha kwa sheria, waziri hawezi kukiuza bila kurudi Bungeni. Mauzo yakasimama.

Fikirieni jambo hilo. Njia ambayo gazeti la Shourie lilisaidia kuifungua mwaka 1979 ndiyo waliyopita waliomzuia mwaka 2003. Serikali aliyokuwemo ilikuwa na wabunge, ilikuwa na wanasheria, na waziri husika aliamini kwa moyo wote kwamba kuuza ni sahihi. Bado amri ilitiiwa. Hakuna muswada ulioletwa kuwanyang'anya raia haki ya kuuliza. Kwa kipimo nilichokitaja mwanzoni, siku aliyoshindwa Shourie ndiyo siku aliyofaulu.

Simpaki rangi ya malaika. Mwaka 2002 zaidi ya watu elfu moja, wengi wao Waislamu, waliuawa katika ghasia za Gujarat, jimbo lililokuwa chini ya chama chake. Mwandishi aliyeuonyesha ulimwengu ujumbe wa redio wa Nellie alibaki katika baraza la mawaziri hadi serikali iliposhindwa uchaguzi wa 2004. Wapo wanaosema alifanya kazi nzuri zaidi akiwa ndani. Mimi naamini kiti kina uzito wake, na kwamba uzito huo ulimlaza ulimi katika saa ambayo India ilimhitaji mhariri wa 1983.

Ujumbe wake Bungeni uliisha 2010. Alikuwa tayari amekikosoa chama chake hadharani baada ya kushindwa uchaguzi wa 2009. Alimuunga mkono Narendra Modi wa chama hicho kuelekea uchaguzi wa 2014, kisha akawa miongoni mwa wakosoaji wake wakali, hasa noti za rupia 500 na 1,000 zilipofutwa kwa tangazo la usiku mmoja Novemba 2016. Katika miaka hiyohiyo, nyumbani, alikuwa akimtunza mwanawe wa pekee, aliyezaliwa na ulemavu unaotokana na athari ya ubongo, na mkewe aliyekuwa mgonjwa. Mwaka 2011 alitoa kitabu kuhusu mateso na dini ambacho mtoto huyo ndiye moyo wake. Wanaomjua kwa vitabu vyake vya ugomvi tu wakisome na hicho.

Na Oktoba 2018, akikaribia miaka 77, alikwenda Mahakama ya Juu mwenyewe, pamoja na waziri mwenzake wa zamani Yashwant Sinha na wakili Prashant Bhushan, kuomba uchunguzi wa ununuzi wa ndege 36 za kivita aina ya Rafale kutoka Ufaransa. Desemba walikataliwa. Wakaomba shauri lipitiwe upya, na baadaye gazeti la The Hindu likachapisha nyaraka za Wizara ya Ulinzi walizozitegemea. Serikali ikadai karatasi hizo hazipaswi kusomwa mahakamani kwa kuwa zilitolewa kinyume cha sheria. Aprili 2019 majaji walikataa hoja hiyo: nyaraka zilizokwisha chapishwa zinaweza kusomwa. Novemba mwaka huo ombi lenyewe likatupwa. Wengine waliona aibu. Mimi naona raia aliyekuwa waziri akisimama kwenye foleni ileile ya Hingorani, akipokea jibu la hapana kama raia mwingine yeyote, na kurudi nyumbani kuandika. Mwaka 2022 alitoa kumbukumbu zake.

Sasa niseme nasi. Mwaka 1994, huko Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, alikubali kwamba Ibara ya 26(2) ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba, hata kama hakuumia yeye binafsi. Njia ileile ya India ilikuwa imefunguliwa hapa. Mwaka 2020 Bunge letu lilirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, likamtaka mlalamikaji aape na kueleza ni kwa namna gani yeye mwenyewe ameathirika. Sharti hilo lenyewe likapelekwa mahakamani kupingwa. Kwa sharti la aina hiyo Kapila Hingorani angerudishwa mlangoni, na mahabusu wale wangeendelea kuoza.

Nilitaka mwandishi kijana aione hatari hiyo ilivyo. Habari ya uchunguzi isiyo na mahakama ya kuipokea hukaa siku moja mezani na jioni hufungiwa maandazi. Mahakama isiyo na mwandishi wa kuilisha hukaa kimya na majalada ya wanaojiweza. Shourie aliielewa kazi hiyo ya pande mbili kuliko wahariri wengi wa wakati wake, na hata aliposhika madaraka hakuubomoa upande uliomdhuru.

Wanafunzi, kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti yake, maelfu ya kurasa, na vyombo vyetu huisoma kwa wiki moja kisha huiacha. Chukueni kila mmoja halmashauri moja, shirika moja, mkataba mmoja, muusome mwaka mzima, mziweke tarehe kando ya tarehe. Na wale kati yenu mtakaoingia Bungeni, kwa maana waandishi wa nchi hii wamekuwa wakiingia Bungeni na mtaingia, ninawaomba jambo moja: msiipigie kura sheria yoyote inayomtaka raia aonyeshe kidonda chake mwenyewe kabla hajaruhusiwa kuuliza.